Kitanda cha Chini ya Grili

Kazi yangu ni kukagua vyumba ambavyo wengine wameshavisafisha. Naingia baada ya msichana wa usafi kutoka, napitisha kidole juu ya fremu ya picha, nachungulia nyuma ya choo, nainua pazia nione kama vumbi limeachwa kwenye pindo. Hotelini wananiogopa. Mmoja aliwahi kusema, akidhani simsikii, kwamba nikifika peponi nitaanza kwa kukagua mazulia. Nilicheka kimoyomoyo, maana alikuwa amenipata. Nina miaka kumi na mmoja Dubai na sijawahi kuona haya kuitwa mkali.

Nimeanza na hilo ili ijulikane kwamba aliyefanya haya hakuwa mtu asiyejua uchafu.

Naishi katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, kwenye jengo la zamani. Mkataba uko kwa jina langu, na vitanda vingine navikodisha kwa wanawake wenzangu. Huku tunaita bedspesi. Wakati ule tulikuwa watatu: mimi Mtanzania, Mkenya mmoja anayesuka nywele saluni, na Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye geti la ghala moja kule Ras Al Khor, katikati ya maduka ya vipuri vya magari.

Mganda alikuwa mrefu, ananizidi kichwa kizima. Alikuwa mlokole, anaimba nyimbo za kanisani kwao huku akipiga pasi yunifomu, na suruali yake ilikuwa na mstari ulionyooka kuliko wa askari yeyote niliyewahi kumwona. Siku ya kwanza nilipomkabidhi ufunguo alipiga magoti sakafuni kuupokea, mikono miwili, kama wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya mkubwa. Mimi kwetu Mbeya tunakunja goti kidogo tu, inatosha. Nikamwambia ainuke, mimi si malkia.

“Wewe ni mkubwa wangu, nnyabo,” akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, na hakuinuka mpaka alipomaliza kushukuru.

Hewa baridi chumbani ilitoka kwenye tundu pana lililo juu ukutani, karibu na dari, limefunikwa kwa grili, wavu wa chuma wenye mapezi mapezi. Kitanda kilichokuwa chini yake ndicho kilichotamaniwa na wote wakati wa kiangazi. Nilimpa Mganda kitanda hicho kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda juani kwa muda wa saa kumi na mbili. Mkenya alinuna wiki nzima. Mimi nilijisikia mtu mwema.

Alianza kukohoa baada ya miezi michache. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, kikohozi kikavu cha mara mbili tatu, kisha anaoga na kwenda kazini. Baadaye kikawa cha kila akilala. Aliniambia mwenyewe chanzo chake, na aliniambia mapema.

“Dada, ile hewa iko na harufu,” alisema. “Kama nguo zimekaa na maji. Nikiwa kazini sikohoi. Nikifika hapa, nakohoa.”

Nikamjibu kwamba mimi siisikii hiyo harufu. Kweli sikuisikia, kwa sababu kitanda changu kilikuwa mlangoni. Siku nyingine akarudi kazini na kadi ndogo mkononi. Jirani na ghala lao kulikuwa na karakana ya Mkenya anayesafisha njia za hewa majumbani. Alikuwa amezungumza naye getini, akamweleza nyumba yetu ilivyo, na yule fundi akasema atakuja akiitwa. Mganda akaniletea kadi kwa mikono miwili.

“Hii si hoteli,” nikamwambia. “Mwenye nyumba hajasafisha, mimi nisafishe?”

Nikaibandika kadi kwenye friji kwa sumaku na kuisahau. Hakuniuliza tena. Kwake yeye mkubwa akishasema, ameshasema.

Hapa lazima nieleze hofu yetu, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kila anayefanya upya kibali cha kuishi huku hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Katika vyumba vyetu vya bedspesi hakuna kinachoogopwa kuliko picha ile. Kila mmoja ana hadithi ya mtu aliyeonekana na doa kwenye pafu akafungishwa virago. Ngapi kati ya hadithi hizo ni za kweli, sijui, na sikuwahi kumwona hata mmoja wa watu hao kwa macho yangu. Lakini tulizishika. Kwa hiyo kwetu mtu akikohoa haendi kliniki, asije akaandikwa mahali. Anachemsha tangawizi na kusubiri ipite.

Wa kwanza kulitaja jina la ugonjwa alikuwa Mkenya wa saluni. Alinivuta jikoni, akafungua bomba la maji ili sauti isifike chumbani.

“Hiyo kikohozi si ya kawaida,” akasema. “Mimi nilizika binamu yangu na TB. Ilianza hivyo hivyo. Na wewe medical yako ni lini?”

Picha yangu ilikuwa imebaki miezi minne. Alijua. Kuanzia siku ile nikawa nalala nimejifunika mpaka puani, nikihesabu kila kikohozi kutoka upande wa pili wa chumba. Ningeweza kufikiri. Mwenye kukohoa alishaniambia kwamba kazini hakohoi. Lakini hofu haikunipa nafasi ya kukumbuka maneno ya mtu mwingine, nami sikuitafuta hiyo nafasi.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mjomba aliyekohoa. Bibi alimtengea kikombe cha bati, akatoboa mshikio wa kikombe hicho kwa msumari ili kisichanganyike na vya watoto. Hakuna aliyemwambia mjomba kitu. Alikikuta tu mezani siku moja, chai yake ikiwa ndani, akalitazama lile tundu na kuinywa. Ndivyo tulivyolelewa: mtu wa kifua anatengewa kikombe, na hasemwi.

Basi nami nikaenda dukani. Nikajiambia sitafanya kama bibi, kutoboa kitu kwa msumari, mimi ni mtu mstaarabu. Nikachagua kikombe kizuri kuliko vyote, cha udongo mweupe, chenye maua ya bluu na ukingo wa dhahabu. Nikakitia kwenye mfuko wa zawadi. Jioni nikampa jikoni, nikamwambia ni zawadi yake, mwingine asikitumie.

Akapiga magoti. Sakafu ilikuwa bado na maji, nilikuwa nimetoka kupiga deki, na yeye alikuwa na ile suruali yake yenye mstari. Alipiga magoti majini akakipokea, akanishukuru kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Mkenya aliyekuwa amesimama mlangoni akageuka akaenda zake. Nilibaki nimesimama juu yake, nikimwambia basi, inuka, khalas, utaloa. Moyo wangu ulinisuta pale pale. Nikaunyamazisha kwa kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Kikohozi hakikuisha. Siku moja ya mapumziko, tumekaa sebuleni tunachambua mchele, akaniuliza.

“Dada, wewe unaonaje? Hii ni kitu gani?”

Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza dada yake mkubwa. Mama yake alikuwa mbali, wachungaji wake walimwambia aombe, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake wa karibu. Ningeweza kusema twende kliniki, nitakaa nawe. Ningeweza kusema tumwite yule fundi wako. Kadi ilikuwa kwenye friji, hatua tano kutoka nilipokaa.

Nikamwambia: “Usingoje kupigwa picha. Wakikukuta na kitu watakurudisha, na hutaingia tena. Bora uondoke kwa miguu yako mwenyewe. Nenda nyumbani ukajitibu, upone, halafu urudi.”

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema nyumba mpya ya mama yake imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Alikuwa anaijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa pale getini, mwaka wa nne huo, na sasa palibaki kupaua.

“Itasubiri,” nikamwambia. “Afya kwanza.”

Sitaki kujipamba. Sikuwa nafikiria afya yake. Nilitaka atoke ndani ya nyumba yangu kabla ya picha yangu. Kama angekataa ningetafuta njia nyingine ya kumtoa, lakini hakukataa, kwa sababu aliniamini. Akaacha kazi, kibali kikafutwa, na katika muda wa wiki tatu tukawa tunamsindikiza uwanja wa ndege. Mkenya alilia sana. Mimi nilimshika mkono kwa mbali, nikimwambia nina mafua, nisimwambukize.

Kikombe alikuwa amekifunga ndani ya sweta na kukiweka kwenye mkoba wa mkononi, kisivunjike.

Baada ya mwezi alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa amepimwa hospitali ya kwao, makohozi na picha, hana kitu. Kikohozi chenyewe kiliisha wiki ya pili tangu afike, kabla hata ya majibu. Sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. Nikamjibu kwamba Mungu ni mwema, sasa aanze kutafuta njia ya kurudi, inshallah atapata. Sikujiuliza ni kitu gani kilichomkohoza mtu asiyeumwa. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda chake wakati nasikiliza ujumbe ule, maana joto lilikuwa kali na kile ndicho chenye baridi nzuri.

Mtakuwa mmeshajua kilichofuata. Nilianza kukohoa.

Nilikohoa kikohozi kile kile, asubuhi, kikavu, mara mbili tatu. Mkenya akaanza kuosha kikombe chake mara mbili kabla ya kunywea. Siku moja nikaona amenunua sahani yake mpya, ameiweka juu kabisa ya kabati. Sikumlaumu. Nilikaa kitandani nikiitazama sahani ile kupitia mlango ulio wazi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa mjomba alikuwa anatazama nini kwenye lile tundu.

Siku ya picha ikafika. Nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye sanduku, kwa siri, nikiwa na hakika sitamaliza wiki. Majibu yakaja safi. Mapafu hayana doa. Nilifurahi kwa siku mbili, kisha nikakumbuka kwamba bado nakohoa.

Nikaenda kliniki, mahali ambapo ningepaswa kumpeleka mwenzangu tangu mwanzo. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alinisikiliza kifua, akauliza kazi yangu, akauliza kama ninakohoa hotelini. Nikasema hapana. Akauliza ninalala wapi, na juu ya kichwa changu kuna nini.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya friji. Kadi ilikuwa bado pale chini ya sumaku, imepauka upande mmoja.

Fundi alikuja asubuhi ya siku yangu ya mapumziko na mitambo yake. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipoingia aliniita madam, na aliponisikia Kiswahili changu akabadilisha, akaniita mama.

“Nani alikupa namba yangu?” akauliza.

Nikamwambia mlinzi mmoja wa kule Ras Al Khor, mwanamke, Mganda.

“Yule mrefu wa geti?” Uso wake ukafunguka. “Huyo nilimngoja mpaka nikachoka. Kila akiniona ananiambia, mkubwa wangu bado anapanga, utaitwa tu. Sasa ako wapi? Siku hizi simuoni.”

“Alirudi kwao.”

“Alimaliza kandarasi?”

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya fundi wa watu, ambaye hakuwa na lolote la kunifanya.

Akafunika vitanda kwa nailoni, akapanda ngazi, akafungua skrubu za grili moja moja. Mimi nilisimama chini nimekunja mikono kama ninavyosimama hotelini. Grili ilipotoka, harufu ikashuka. Nguo zilizokaa na maji. Alikuwa ameniambia kwa maneno hayo hayo.

Fundi akaingiza mkono, akasita.

“Mama, nani aliweka hii?”

Akavuta kitambaa. Kilikuwa kipande cha kitenge, kimekatwa kwa kipimo cha tundu, kimepindwa pindo pande zote nne kwa uzi, na kila pembe ina kamba ndogo ya kufungia ndani ya tundu, nyuma ya grili. Kilikuwa cheusi na kizito kwa unyevu. Kwenye pindo tu, pale uzi ulipokaza, rangi ilikuwa imebaki, njano na kijani. Niliijua ile njano. Lilikuwa gauni lake la kanisani, ambalo siku moja nilimuuliza liko wapi akasema limechakaa.

“Alijitengenezea chujio,” fundi akasema, akikigeuza kwenye mwanga. “Huyu alijua shida iko wapi. Na hii ilikuwa inafuliwa, ona vile pindo imefifia. Ni ya kufuliwa kila mara. Siku hizi za mwisho ndiyo imeachwa.”

Nikahesabu upesi. Ijumaa mimi huwa zamu ya asubuhi, yeye alikuwa anapumzika. Angeweza kusimama kitandani, kwa urefu wake, afungue skrubu, akifue, akianike, akirudishe kabla sijafika. Alifanya hivyo kimya kimya kwa sababu nilikuwa nimeshasema nyumba hii si hoteli. Na mimi, niliyelala pale baada yake, nilikuwa navuta hewa kupitia kitambaa ambacho hakuna tena wa kukifua.

Fundi akapeleka kamera yake ndani, kwenye waya mrefu, akanionyesha kwenye kioo kidogo. Kuta za njia ya hewa zilikuwa na ukungu mweusi kuanzia mwanzo. Kulikuwa na vipande vya saruji vya siku jengo lilipojengwa, na sinia la kukingia maji ya kiyoyozi lilikuwa limeziba, maji yanarudi ndani.

“Hii haijawahi kuguswa tangu iwekwe,” akasema. “Mtu kulala chini ya hii, lazima akohoe.”

Alifanya kazi mpaka alasiri. Brashi yake ilizunguka mle ndani, mashine ikafyonza, mfuko ukajaa. Akazibua sinia, akapuliza dawa, akarudisha grili iliyooshwa ikang’aa. Aliponiuliza kama atupe kitambaa nikasema hapana. Nikakifua kwa mikono, maji matano, na hakikutakata. Kikohozi changu kiliisha baada ya siku kumi. Mkenya akaishusha sahani yake.

Miaka yote nilikuwa nimekagua kila kitu kinachofikiwa na kidole changu. Juu ya kidole sikuwahi kutazama, na yule mwenye urefu wa kutazama aliponiambia sikumsikiliza. Najuta. Nimejaribu kutafuta neno jingine lenye heshima zaidi na sijalipata.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumpigia. Nilimpigia simu ya video, mchana, siku yangu ya mapumziko. Alipokea akiwa amekaa barazani kwa mama yake, amenenepa kidogo, uso umetulia. Nikamweleza yote bila kupumua: fundi, kitambaa, ukungu, kwamba hakuwahi kuwa mgonjwa, kwamba ni hewa ya nyumba yangu. Nikamwambia kitanda chake kipo na hewa ni safi, arudi, nitamtafutia kazi hata hotelini.

“Nnyabo,” akasema taratibu, “ile kampuni ya ulinzi sasa hawachukui watu wa umri wangu. Niliuliza.”

Nikamwambia lile lililobaki. Kwamba nilipomshauri aondoke nilikuwa najiokoa mimi. Kwamba kile kikombe hakikuwa zawadi.

Akainamia pembeni, nje ya picha, akarudi nacho mkononi. Maua ya bluu, ukingo wa dhahabu umefutika upande wa kunywea. Chai ilikuwa inatoa moshi.

“Nilijua,” akasema. “Na kwetu tunatenga kikombe. Lakini wewe ulinichagulia kizuri.”

Hakusema kwa uchungu. Ingekuwa kwa uchungu ningejua la kujibu. Alikunywa chai yake. Nikamuuliza mvua vipi huko.

“Inanyesha,” akasema, akageuza simu ili nione.

Ng’ambo ya uwanja zilisimama kuta za nyumba mpya ya mama yake, matofali mekundu, zimepanda vizuri mpaka kwenye linta na kuishia hapo, na mvua ilikuwa inaingia ndani.